Tunaimba "furaha ya Bwana ni nguvu zenu", mimi mbona sina furaha wala nguvu?

SWALI: Shikamoo Mchungaji. Nina miaka 36, naishi Makambako, nauza viazi. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, alifariki kwa ajali mwezi wa pili akaniachia watoto wawili. Tulikuwa na mkopo kabla ya msiba, na sasa nimeongeza mwingine wa kausha damu, marejesho ni kila siku. Shemeji zangu wanasema kiwanja ni cha ukoo. Kanisani tunaimba "furaha ya Bwana ni nguvu zenu", na viongozi wananionya nisionekane na huzuni kwa sababu huzuni inamfungulia shetani mlango. Mtumishi mmoja kaniambia nipande mbegu ya laki mbili ili nivunje roho ya ujane. Juzi mwanangu mdogo alimwigiza mwalimu wake nikacheka mpaka machozi, halafu nikajiona nimemsaliti marehemu. Kuomba siwezi tena kama zamani. Je, imani yangu imekufa? Na hiyo furaha nitaipata wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba, na pole kwa hayo yaliyokuja nyuma ya msiba, ambayo mara nyingi yanaumiza kuliko siku ya mazishi yenyewe. Siku ya mazishi watu wamejaa, turubai limefungwa, masufuria yako jikoni. Turubai likishakunjwa ndipo mjane anapoanza kuhesabu kilichobaki.

Imani yako haijakufa. Nimehudumu miaka 31 kabla ya kustaafu, na 12 kati ya hiyo nilikuwa mchungaji wa wodini hospitalini. Watu niliowaona imani imewatoka kabisa hawakuwa wakiuliza furaha ya Bwana imekwenda wapi. Walikuwa kimya, halikuwahusu tena. Wewe unauliza kwa uchungu, na uchungu huo ni wa mtu anayemtafuta mtu anayemfahamu.

Sasa tuuchukue huo wimbo. Maneno yake yametoka Nehemia 8:10, na mimi nina ugomvi wa siku nyingi na namna tunavyoyaimba, kwa sababu tumekata kipande cha mwisho tukaacha mstari wenyewe. Fungua Biblia yako usome wote. Watu wamekusanyika uwanjani, Ezra amewasomea torati tangu alfajiri hadi adhuhuri, nao wanalia. Ndipo wanaambiwa: "Enendeni zenu, mle kilichonona, mkanywe kilicho kitamu, tena mpelekeeni sehemu yake yeye asiyewekewa kitu." Ni baada ya hapo tu ndipo linakuja neno la furaha ya Bwana kuwa nguvu zao. Umeona mpangilio wake? Kwanza chakula. Kisha sahani inapelekwa kwa yule ambaye kwake hakuna kilichopikwa. Furaha ya Bwana katika mstari huo ina harufu ya nyama na ina miguu ya mtu anayebeba bakuli kwenda kwa jirani. Kama usharika unakuimbia mstari huo na hakuna aliyekuletea bakuli, basi wameuimba nusu, na nusu waliyoiacha ndiyo iliyokuwa zamu yako kupokea.

Najua mtu atasema, mbona papo hapo wanaambiwa wasihuzunike? Ni kweli, wanaambiwa. Lakini watu wale walikuwa wanalia kwa kuchomwa na torati waliyoisikia, wakiogopa hukumu, na siku ile ilikuwa sikukuu. Hawakuwa wanamlilia marehemu. Usikubali mtu auchukue mstari ule auweke mbele ya mjane kama kibao cha "hakuna kulia hapa". Nehemia mwenyewe, kitabu chake kinapoanza, anapata habari kwamba Yerusalemu umebomoka, anaketi chini, analia na kuomboleza siku kadhaa. Sura ya pili anasimama mbele ya mfalme wa Uajemi na uso umesawijika hata mfalme anauliza ana nini, maana si mgonjwa, hii ni huzuni ya moyo. Anasema aliogopa mno. Lakini hakuupaka uso tabasamu, alieleza kilichomsibu. Na ni huzuni ile iliyoonekana usoni ndiyo iliyomfungulia njia ya kwenda kujenga. Sasa hao wanaokuambia huzuni inamfungulia shetani mlango, waulize kwa heshima: ya Nehemia ilimfungulia nani?

Na kuna sura nyingine ambayo nimeisikia ikihubiriwa mara chache sana, sura ya tano. Kabla watu hawajafika kwenye furaha ya sura ya nane, walikuwa wamekopa. Walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba ili wapate nafaka wakati wa njaa, na wengine watoto wao walikuwa wameshachukuliwa utumwani kwa sababu ya deni. Waliowakopesha walikuwa ndugu zao wenyewe. Hiyo ndiyo kausha damu, mwanangu, ilikuwepo Yerusalemu. Nehemia hakuwaambia wadaiwa wakeshe wakivunja roho ya madeni. Alikasirika, akawaita wakubwa, akaitisha mkutano mkubwa juu yao, akawataka warudishe mashamba na nyumba na ile riba, na wakaapa mbele ya makuhani. Sura tatu baadaye ndipo tunasikia habari ya furaha. Mimi siamini kwamba sura hizo zimefuatana hivyo bure.

Kwa hiyo nitakueleza mambo ambayo huenda hukuyatarajia kwa mchungaji, nayo ni sehemu ya jibu langu juu ya furaha.

Mkopo kwanza. Usikope tena ili kulipa mkopo. Chukua daftari, andika kila unachodaiwa, unadaiwa na nani, ulichopokea mkononi na ulichokwisha kurejesha. Kisha mwendee mzee mmoja wa kanisa unayemwamini, au mama wa VICOBA, vile vikundi vya kuweka na kukopa, anayejua hesabu, msome pamoja. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na Benki Kuu ndiyo inayosimamia. Una haki ya kuuliza leseni na kupata mkataba unaosomeka. Wengine wakiulizwa hayo tu sauti yao hushuka.

Kiwanja. Nenda Mahakama ya Mwanzo ufungue shauri la mirathi, ukiwa na cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Ukoo ukikwepa kukaa ili kukukomoa, nenda hata hivyo ukaieleze mahakama. Wapo wasaidizi wa kisheria wanaotoa msaada bure. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu. Na kwa kuwa mumeo alifia barabarani akiwa dereva, kaulizie kwa mwajiri wake kama alikuwa akichangiwa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Usikawie katika hili. Nimeona wajane wakiambiwa "haya ni mapenzi ya Mungu" wakaacha mafao ya watoto wao mezani. Ukiona aibu kudai, soma Luka 18. Yule mjane aliyekuwa akimwendea kadhi asiyemcha Mungu, kila mara akisema "Nipatie haki na adui wangu", Yesu alimtoa kuwa mfano wa mtu anayejua kuomba.

Na ile mbegu ya laki mbili usiipande. Nalisema hili bila kupepesa. Ujane si roho chafu ya kuvunjwa; ni hali ambayo Maandiko yote, tangu torati hadi Yakobo, yanaagiza mwenye nayo atunzwe. Wanapenda kumtaja mjane aliyetoa senti mbili, Marko 12. Rudi mstari mmoja nyuma ya habari ile, mstari wa 40. Yesu alikuwa ametoka kuwakemea wale wanaokula nyumba za wajane na kwa unafiki kusali sala ndefu. Laki mbili yako ni ada, ni unga, ni mtaji wa viazi.

Nimekaa sana hapo kwa sababu mtu aliyeshikwa shingo na marejesho ya kila jioni ni vigumu aambiwe furaha akaelewa. Lakini najua hata deni likiisha na kiwanja kikirudi, kitanda bado kitakuwa na upande mmoja baridi, na huo ndio msingi wa swali lako. Kuhusu hilo nina neno moja kubwa la kukuambia, nalo nalitoa katika waraka unaotajwa kuliko yote habari ya furaha ikija, Wafilipi.

Paulo aliuandika akiwa kifungoni. Ndimo alimosema, "Furahini katika Bwana siku zote, tena nasema, Furahini." Waraka ule una sura 4 tu, na neno la furaha na kufurahi limerudi humo kiasi cha mara 16. Watu wengi huishia hapo. Lakini rudi sura ya pili, mstari wa 27. Epafrodito, ndugu aliyetumwa na Wafilipi kumpelekea Paulo mahitaji yake, aliugua karibu na kufa. Paulo anasema Mungu alimhurumia mgonjwa, "wala si yeye tu, bali na mimi pia, nisipate huzuni juu ya huzuni." Huzuni juu ya huzuni! Ni mtu yuleyule, waraka uleule, pengine wino uleule. Alikuwa tayari na huzuni moja, akaogopa isipandiwe na nyingine. Sura ya tatu anasema anaandika kwa machozi. Kwa hiyo "siku zote" ya Paulo haikumaanisha kwamba huzuni haipo nyumbani. Vilikuwa vinakaa pamoja, chumba kimoja, na hakuona haja ya kukitoa kimoja ili kingine kiingie. Huu ndio msingi wa yote ninayoamini juu ya furaha ya Mkristo: haisubiri huzuni iondoke, wala haiifukuzi.

Ndiyo maana unaruhusiwa kulalamika. Unaagizwa, karibu nithubutu kusema. Zaburi ya 13 ina mistari 6, na katika miwili ya kwanza mwandishi anamwuliza Mungu "hata lini" mara 4. Zaburi ya 88 ni kali zaidi. Haina "lakini nitakusifu" mwishoni, inaisha gizani na mwombaji amebaki bila mpenzi wala rafiki. Wale waliokusanya Zaburi waliiacha vilevile, hawakuiongezea mstari wa kuipoza. Nilipokuwa wodini niliwasomea zaburi hiyo watu ambao hawakutaka kusikia nyingine yoyote, nao walinishika mkono. Wewe unasema huwezi kuomba kama zamani. Usiombe kama zamani. Zamani hukuwa mjane. Usiku watoto wakilala, keti, sema "Hata lini?" kwa sauti, taja jina la mumeo, taja deni, taja shemeji, kisha ulale. Hayo ni maombi kamili. Yesu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, na alikuwa anajua dakika chache baadaye atamwita atoke.

Nikueleze yangu kidogo. Mke wangu alipofariki, nilikuwa nimeshahubiri kwenye misiba ya watu mingi nisiyoweza kuihesabu. Nikagundua siwezi kumaliza Baba Yetu. Nilikuwa nafika "mapenzi yako yatimizwe" nakwama, ulimi hauendi. Mchungaji mzima! Nilificha, nikawa naongoza ibada kwa kusoma tu. Kulikuwa na mzee mmoja wa kanisa, fundi baiskeli, hakuwa msemaji. Akaanza kuja jioni. Anaegesha baiskeli ukutani, anakaa barazani, tunatazama njia. Hakuniuliza hali ya kiroho. Giza likiingia anasimama, anavua kofia, anasema Baba Yetu mpaka mwisho, polepole, yeye peke yake, kisha anaaga. Alifanya hivyo jioni kumi na kitu. Siku moja nilisikia sauti yangu imeungana naye pale niliposhindwa. Hakugeuka kunitazama. Alimaliza, akavaa kofia, akasema, "Haya, Mchungaji, tulale."

Nimeelewa tangu hapo habari ya yule aliyepooza aliyebebwa na watu wanne wakatoboa dari. Marko anasema Yesu "alipoiona imani yao". Yao, waliombeba. Kuna majira mtu anabebwa kwa imani ya wengine, na hilo si kosa la kutubiwa. Jumapili usipoweza kuimba, keti tu katikati ya wanaoimba. Na tafuta mtu wa namna ya mzee yule. Si lazima awe kiongozi. Mara nyingi ni mama aliyewahi kuzika. Mwambie waziwazi, "Njoo ukae nami, usinihubirie." Wale watatu waliomjia Ayubu walifanya vizuri sana siku 7 walizokaa naye chini bila kusema neno. Waliharibu walipoanza kufafanua.

Kuhusu nguvu, usitazamie kuisikia kama joto linalopanda kifuani. Huwa inakuja imefanana na kazi ndogo ya siku. Kazi ya kuileta Biblia katika Kiswahili ina kaburi mwanzoni mwake. Johann Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Mwezi wa sita alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Mwezi wa saba akamzika mkewe Rosine, na siku chache baadaye kichanga chao. Akarudi kwenye lugha. Sarufi yake ya Kiswahili ilichapwa 1850, na kamusi yake 1882, mwaka mmoja baada ya yeye mwenyewe kufa. Sidhani kwamba aliamka kila siku akijisikia mshindi. Wewe unapoamka saa kumi na baridi ile ya Makambako kwenda kupokea viazi huku moyo umevunjika, hiyo ndiyo nguvu unayoiulizia. Unayo. Ila hujaambiwa kwamba inaitwa hivyo.

Tena mwili nao utunzwe. Eliya alipofika mahali pa kumwambia Bwana "yatosha" na kuomba afe, Mungu hakumkemea kwa imani haba. Alimwacha alale, akamtuma malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili. Mazungumzo yalikuja baadaye, mlimani. Kwa hiyo nakuuliza kama ningekuuliza wodini: unalala? Unakula kabla ya watoto au unasingizia umeshiba? Ukiona wiki zinapita hulali, chakula hakipiti, kazi zimekushinda, au mawazo yanakuja kwamba heri usiwepo, nenda hospitali siku hiyohiyo, umweleze daktari kama ulivyonieleza mimi, na usiende peke yako. Dawa na mazungumzo na mtaalamu havimpunguzii Mungu utukufu. Paulo alimwandikia Timotheo habari za tumbo lake na maradhi ya mara kwa mara, akampa ushauri wa kitu cha kunywa.

Nimebakiza kicheko. Nimekiacha mwisho kwa sababu katika barua yako yote ndicho kilichonifurahisha, na wewe umekileta kama dhambi. Umeuliza furaha utaipata wapi, na mistari miwili kabla ya hapo ulikuwa umeshaniandikia ilikuja lini. Ilikuja juzi, nyumbani kwako, kwa mtoto aliyemwigiza mwalimu. Katika Kigiriki alichoandikia Paulo, neno la furaha na neno la neema ni ya ukoo mmoja, khara na kharis. Zote mbili hupokelewa, hazitengenezwi. Hukuitafuta siku ile, hukuifungia, hukuilipia mbegu. Ilikukuta umekaa. Na mumeo hukumsaliti. Alikuwa baba wa mtoto huyo, na bila shaka vituko vingine mtoto amevitoa kwake. Usimwonyeshe mtoto kwamba amekosea kukuchekesha. Naye amefiwa, na pengine alikuwa anajaribu, kwa akili yake ndogo, kukuletea bakuli.

Leo jioni mwambie amwigize tena yule mwalimu.